Kigari cha Mbao cha Patron Dieudonné

Tulimzika Papa Athanase mjini Beni, katika komuni ya Ruwenzori, siku ya Jumanne. Jumatano mchana, viti vya plastiki vikiwa bado chini ya hema, Gervais, mwanafunzi wake wa zamani, alisimama kutoa maneno ya faraja. Alisema kwa dakika ishirini na sita. Nilihesabu kwa saa yangu, halafu kwa saa ya mama aliyekaa kando yangu, maana sikuiamini yangu. Katika dakika hizo marehemu alipata nne hivi; zilizobaki zilikuwa za Gervais mwenyewe. Alitueleza habari za kigari cha mbao, kile kigari cha mashindano cha Patron Dieudonné kilichozunguka uwanja wa mpira wa Beni zamani za ujana wetu, na watu wazima wakatikisa vichwa kwa furaha. "Bababa na bamama," akasema, akiinua mikono yake, "ile shasi ilitoka mu hii mikono mbili." Watu wakaitazama mikono. Mimi pia niliitazama. Mikono mizuri, laini kama ya mtoto wa siku nane. Kwa miaka mingi haijashika kitu kizito kuliko simu, kwa sababu Gervais siku hizi anauza milango ya chuma inayotoka nje ya nchi, na kazi yake ni kunyoosha kidole. Mama wa kando yangu akaninong'oneza: "Kumbe huyu papa ni fundi hivi?" Nikamwambia: "Eh, maman. Fundi wa kusema." Nikaendelea kula maharagwe yangu. Sikusimama kumsahihisha, na anayenijua atashangaa, kwa kuwa mimi humsahihisha hata padri akikosea matangazo. Nilikuwa na sababu. Sababu hiyo iko ndani ya mwaka mmoja tu wa maisha yangu, ule niliotimiza miaka kumi na tisa.

Atelye ya useremala ya Papa Athanase ilikuwa Butembo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, bati juu na mabanzi pembeni, na mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake mpaka ikatike. Ilinuka karatusi mbichi, gundi inayochemka katika mkebe wa maziwa, na soksi za Gervais. Ndani kulikuwa na etabli tatu, yaani zile meza nene za seremala zenye kibano ubavuni. Ya kwanza ilikuwa ya Papa Athanase. Ya pili ilijaa milango ya watu isiyokwisha, na baadhi ya wenye milango hiyo walikuwa wamekwisha kufa. Ya tatu, kando ya mlango, penye mwanga kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, ilikuwa wazi tangu mwenyewe aondoke kwenda kulima kakao upande wa Mangina. Niliitaka etabli ile jinsi wasichana wenzangu walivyotaka mume, na kwa akili zaidi, maana mimi nilikuwa nimeichunguza miguu yote minne. Kazi yangu pale ilikuwa kuuza mbao na kubishana bei. Papa Athanase alikuwa fundi wa kweli, lakini mbele ya mnunuzi alikuwa mtu wa huruma tu: mama akilia kidogo, alimpa mlango kwa bei ya dirisha. Mbele yangu hakuna aliyelia akafaidika. Wateja wakipungua nilichukua randa na vipande vilivyotupwa, nikajifunza. Nilitengeneza viti vya jikoni kumi na kimoja, vyote vikauzwa, na kila mnunuzi aliambiwa ni kazi ya Gervais. Gervais alikuwa mwanafunzi wa ufundi, mkubwa wangu kwa miaka miwili na kwa maneno elfu. Yeye pia aliitaka etabli ya mlangoni, ila si kwa ajili ya mwanga. Alitaka waliopita barabarani wamwone akiwa kazini, jambo ambalo lingehitaji kwanza awe kazini.

Niliomba mara tatu. Mara ya tatu nikamkuta Papa Athanase anapima ubao. "Papa, ile etabli ya mulango, unipatie." Hakuinua kichwa. "Kavira, mwanamuke ku etabli, ba-client batasema nini?" "Batauliza bei ni ngapi, sawa siku zote." Akacheka kwa pua. "Tutaona." Kwa Papa Athanase, "tutaona" ilikuwa ni hapana iliyovaa viatu.

Halafu akaja Patron Dieudonné na picha yake. Patron aliuza vitenge na betri za redio, na alikuwa amenunua nyumba ya mkoloni mmoja aliyelima kahawa zamani. Ndani ya kabati alikuta picha ya Mzungu amekaa katika kigari kidogo cha mashindano, cha mtindo wa zamani hasa: pua ndefu kama ya panya-buku, magurudumu manne yote nje ya mwili, namba saba ubavuni, na mkanda wa ngozi ukiifunga boneti. Tangu siku ile Patron hakupumzika. Alitaka kimoja cha namna hiyo, kidogo, cha kumbeba yeye peke yake (hapo neno "kidogo" lilianza kupata taabu), ili ashindane na mnunuzi wa kahawa wa Mutwanga, ambaye naye alikuwa ameagiza chake cha chuma kwa mchomeleaji. Wangeshindana Beni, siku ya Patron kufungua duka lake jipya: mizunguko mitano kuuzunguka uwanja wa mpira. Mota ingetoka kwenye mashine ya kupampu maji. Mwili ungekuwa wa bati. Lakini shasi, mifupa yenyewe, Patron aliitaka ya mbao, kwa sababu aliambiwa Wazungu wa kwanza walianza na mbao, na kwa sababu mbao zilikuwa rahisi kuliko chuma. Sababu ya pili hakuisema, niliisoma mwenyewe.

Picha ile ilipigwa upande wa kushoto. Upande wa kuume haukuwepo. Basi wanaume sita walikaa siku tatu, nilihesabu siku na nikahesabu wanaume, wakibishana juu ya upande ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Bomba la moshi lilionekana kushoto. "Donc kuume iko ingine," Gervais alisema. "Kitu ya Bazungu inakuwaka mbili mbili." Fundi wa mota akamuuliza: "Na pua yabo ni mbili?" Wakazozana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Patron akatoa leso, akaipangusa picha, akatoa hukumu: "Chenye hakiko mu photo, hakitakuwa ku kigari yangu. C'est tout." Ndipo Papa Athanase naye akatoa yake, mbele ya wote: "Mwenye shasi yake itazunguka Beni, yeye njo atakamata etabli ya mulango." Alisema "mwenye", lakini macho yake yalikuwa kwa Gervais, na Gervais alikuwa amekwisha kuelekea mlangoni kuona jinsi atakavyoonekana.

Gervais alijenga alichokijua. Sisi wa Butembo tunakijua kitu kimoja cha mbao chenye magurudumu: tshukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na mnyororo wala huruma, inayoteremka kutoka vilimani na mifuko ya viazi mgongoni. Sifa ya tshukudu ni moja tu: iko nguvu. Basi Gervais akachukua miti miwili ya karatusi, mizito kama kiapo, akaifunga kwa mbao tano za kukingama. Kisha, kwa kuwa mbao zilibaki na watu walikuwa bado wanamtazama, akaongeza mbili zilizopishana katikati kama mkasi uliofunguliwa. Kila kiungo akakitia vigingi. Nilihesabu vigingi arobaini. Mara ya pili nikapata arobaini na kimoja, kwa sababu kimoja kilikuwa kimeingia mahali pasipo na kiungo. Ilipokwisha, wakaijaribu jinsi tshukudu inavyojaribiwa, yaani kwa uzito. Wakaweka mfuko wa saruji, wa pili, mpaka wa sita; halafu wanaume wakapanda juu, wanane, wakarukaruka. Shasi haikulia hata kidogo. "Iko nguvu!" "Iko nguvu kabisa!" Mtaa mzima ulikuja kushangilia kigari cha mashindano ambacho sifa yake ilikuwa kwamba hakitikisiki. Hakuna aliyeuliza kama kinageuka. Swali hilo halimpati mtu wa tshukudu: tshukudu ina gurudumu moja mbele na moja nyuma, mwenyewe akilala nayo inalala, imegeuka. Kitu chenye magurudumu manne hakilali. Sitajisifu: mimi pia sikuuliza, maana nilikuwa na shughuli ya kuiona etabli yangu ikiondoka.

Jumamosi wakakiteremsha. Mota haikuwa imefungwa. Kulikuwa na usukani, magurudumu ya toroli, na Patron ndani, amevaa kofia ya ngozi aliyoishonesha kwa fundi wa viatu, nayo ilinuka viatu. Wakamsukuma. Chini kidogo barabara yetu inapinda kushoto, na mbele ya pindo hilo jirani alikuwa ameanika matofali mabichi. "Pinda, Patron! Pinda!" "Ninapinda!" Alikuwa anapinda kweli, usukani ulikuwa umezunguka mpaka mwisho. Nilimwona kwa macho yangu. Gurudumu la mbele la kuume lilikuwa limegeuka vizuri sana, limegeuka kwa adabu zote, likiwa hewani, vidole vinne juu ya udongo. Lile la kushoto liligusa kidogo tu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Kigari kikaenda moja kwa moja, kikaingia ndani ya matofali. Yaliharibika thelathini na moja. Jirani akasema sitini. Akaridhika na thelathini na tano, kwa kuwa nilikwenda mimi. Huku nyuma wataalamu walikuwa wanatafuta kosa. Gervais alisema ni mteremko. Fundi wa mota alisema ni magurudumu. Patron, akijitoa udongo masikioni, alisema ni jicho la watu wa Mutwanga. Shasi yenyewe ilitoka matofalini bila mkwaruzo, nao wakaisifu tena.

Saa saba tulikula jikoni kwa Mama Athanase, mke wa mzee, nyuma ya atelye. Chumba kile ninakikumbuka kuliko kanisa nililobatizwa: sakafu ya udongo wenye mashimo ya kuku, ukuta mweusi wa moshi, dirisha moja lililozibwa na gunia la kahawa. Kulikuwa na meza mbili. Mpya ilikuwa zawadi ya Gervais kwa mama mwenye nyumba, imejaa vigingi kama jeneza la tajiri. Ya zamani ilikuwa na viungo vilivyolegea, hata kuku alipoiparamia ilitoa sauti. Siku ile ilikuwa bugali, sombe ya majani ya muhogo, na makayabo kwa heshima ya Patron, samaki wa chumvi ambaye kwa siku nyingine tulimsikia harufu tu, kwa jirani. Mama Athanase akaitua sufuria kwenye meza mpya. Meza ikainama, mchuzi ukakimbilia shati la Patron. Nikaweka kiwiko changu, ikainama kwangu. "Gervais, mutoto wangu," mama akasema, "hii meza yako inachezaka rumba." "Maman, ni sakafu." "Sakafu njo ile ile ya siku zote. Meza yako njo imefika nyuma yake." Akaihamishia sufuria kwenye meza ya zamani. Ikatulia. Nikainama kama mtu aliyeangusha kijiko, nikatazama miguu. Meza mpya ilisimama kwa mitatu, wa nne hewani. Ya zamani, kwa sababu ya kulegea kwake, ilikuwa imejipindapinda mpaka ikaukuta udongo kwa miguu yote minne.

"Papa," nikasema, "ile shasi yetu haiko dhaifu. Iko na nguvu ya kupita. Ku udongo inasimama na miguu tatu, sawa hii meza. Gurudumu ilikuwa mu hewa. Gurudumu ya mu hewa itapinda nini? Mupepo?" Gervais akamaliza kutafuna kwanza, maana alikuwa mtu wa mambo ya muhimu. "Sasa kigari ilegee sawa meza ya kizee? Ni ya kubeba Patron, ao ni ya kubeba sombe?" Wakacheka wote. Patron ndiye aliyecheka zaidi, naye sombe alikuwa ameibeba tayari, kifuani. Papa Athanase hakucheka. Alisimama, akaiegemea meza ya zamani kwa mikono miwili, akaitikisa. Akaenda kwa mpya, akaitikisa. Akarudi kwa ya zamani. Mzee yule alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mwanaume mwingine hapa Butembo wala huko Beni, na nimewatafuta: aliweza kukosea na kunyamaza. Akakaa. "Kavira, Jumatatu utajenga ya kwako. Ikizunguka Beni, neno yangu ni ile ile." Gervais akasahau tonge mkononi.

Nilijenga kwa siku tisa. Niliiacha karatusi mbichi, nikapanda darini kuchagua mbao mbili ndefu za karatusi kavu, zilizolala pale miaka miwili, nyuzi zake zikienda sawasawa toka ncha hadi ncha. Nilikuwa muuza mbao. Niliujua ubao unaosema uongo, maana ndio niliowauzia wabishi. Nikazipiga randa, nene kwenye ncha mahali pa kufungia magurudumu, nyembamba katikati, mpaka nikisimama juu zinainama kidogo na kurudi. Mbao za kukingama nikatia tatu tu. Ule mkasi wa Gervais sikuutia. Vigingi pia hapana; nikatumia bulon, zile skrubu nene zenye nati, na kila penye bulon nikaweka kipande cha mpira wa tairi kati ya mti na mti, mpira ule ule wa breki za tshukudu, vipande kumi na viwili. Gervais alipita mara nyingi kuliko kazi yake ilivyohitaji. "Kigari ya bibi-arusi," akasema, "inanesanesa." Nikamwambia: "Pita salama, yaya," maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "usijikwae juu ya maneno yako." Siku ya sita Papa Athanase akaja, akakandamiza kwa goti, akautazama mti ukirudi. Akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio, akachora mstari mfupi mahali pa kupunguza bado kidogo, akaenda zake. Leo nina wanafunzi wanne, wawili kati yao wasichana, na ninawafundisha kwa maneno mengi. Mstari ule bado unanishinda. Siku ya tisa niliweka nusu tofali chini ya gurudumu moja, nikaketisha watu wawili juu, nikajaribu kupitisha karatasi chini ya magurudumu mengine matatu. Karatasi haikupita. Nikabadili gurudumu, nikajaribu tena. Haikupita.

Tukakileta Beni kwa pickup, kigari kimefunikwa hema kama mgonjwa wa heshima, mimi nimekaa juu ya mifuko nikishika kamba. Uwanjani fanfare ya parokia, matarumbeta na ngoma, ilikuwa inapiga wimbo mmoja waliokuwa wanaujua. Mnunuzi wa kahawa wa Mutwanga alikuwa pale na chuma chake, kimepakwa rangi ya njano, na kila aliyekigonga kwa ngumi alisema, kwa kweli, iko nguvu. Papa Athanase akaenda kukitazama. Patron akapanda katika chake mara ya kwanza na mwili wa bati juu. Shasi ikashuka chini yake upana wa kidole, kwa upole, kama godoro linavyompokea mtu. Akaruka nje kwa wepesi ambao sikumjua nao. "Inavunjika!" "Haivunjike, Patron. Inakaa." Nikaenda kunawa mikono kwenye bomba la shule iliyo kando ya uwanja. Niliporudi, Gervais alikuwa amelala chini ya kigari na nyundo, na ubao mnene ulikuwa umepigiliwa kutoka pua mpaka mkia. Misumari kumi na minne. "Tumeitia nguvu," akaniambia, akitabasamu kutoka mavumbini. Etabli yangu ilikuwa pale chini, imefungwa kwa misumari kumi na minne, na mashindano yalikuwa yanaitwa.

Nilitaka kuwapigia kelele habari ya meza na miguu mitatu. Nikajizuia. Mtu ambaye hajaelewa kitu akiwa amekaa ndani ya matofali hataelewa akiwa amesimama mbele ya fanfare. Anayebishana bei haangalii kitu anachouza. Anaangalia mnunuzi anapenda nini. Nikamzunguka Patron taratibu, nikitazama kigari chake, nikaguna. "Nini?" akauliza. "Hapana kitu, Patron. Unapendeza sana. Lakini... acha tu." "Sema!" "Ni ile planche. Inatokea hapa mbele, chini ya pua. Ba Mutwanga bataiona. Na mu photo haiko." Patron akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa picha iliyofungwa katika nailoni, akaitazama, akainama akautazama ubao. Aliposimama alikuwa mtu mwingine. "Gervais! Hii planche iko wapi mu photo?" "Patron, ni juu ya nguvu..." "Nimeuliza iko wapi." Gervais akarudi chini na koleo, akanipa misumari mmoja mmoja. Nilihesabu kumi na mitatu. "Iko ingine, yaya." "Ni hizo tu." "Iko ingine." Akautafuta, akaupata, akanipa bila kuniangalia.

Kile cha chuma kilikuwa na mbio zaidi, hilo nitalisema. Mahali paliponyooka kilimwacha Patron mbali. Lakini uwanja una pembe nne, na kila pembe ilikuwa na makovu ya mvua, na penye pembe hizo chuma kile kilisimama kwa magurudumu matatu kama meza ya Gervais, kikafikiri, kikaenda kilikotaka. Katika mzunguko wa tatu mnunuzi wa kahawa alizungusha usukani, kigari kikakataa, kikaingia golini pamoja naye, na watu wa Beni, ambao mpira wanaujua, wakapiga kelele: "Goal!" Patron alipita polepole, ameshika usukani kama kuku anayelalia mayai, na chini yake mbao zangu zilikuwa zinajipinda huku na huku, zikitafuta udongo na kuupata, magurudumu yote manne. Alimaliza mizunguko mitano. Akaongeza wa sita, kwa sababu hakujua namna ya kuizima mota.

Walipomtoa ndani, akaanza kuuliza kwa sauti kubwa: nani alijenga hii kitu? Nani? Papa Athanase akanishika kiwiko, akanivuta nyuma ya pickup. Alikuwa anatoka jasho, na alisema akitazama tairi. "Kavira, umeona Patron. Anataka kunipatia commande ya milango na ba-rayon ya kupangia bintu ya duka muzima. Akisikia ni mwanamuke, ba Mutwanga batamucheka, naye atanichukia. Nitasema ni Gervais. Jina kwa Gervais, etabli kwako. Unasema aje?" Nikasema: "Ndiyo, Papa." Nilisema kabla hajafunga mdomo. Yeye akabaki amesimama. Nilidhani anangoja shukrani, basi nikasema: "Wasingya, Papa." Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeondoka dukani akaacha chenji yake mezani. Halafu akaenda, na nikasikia jina la Gervais likitangazwa, na fanfare ikapiga wimbo ule ule. Jumatatu etabli ya mlangoni ilikuwa yangu.

Ndiyo maana sikusimama kwenye matanga. Gervais hakuiba kitu. Nilimuuzia, na kwa miaka yote hii niliona kuwa niliuza vizuri. Jina halipigwi randa. Etabli ile ilinilisha, ikanijengea depo ya mbao, ikawasomesha watoto wangu. Jina alilolipata Gervais halikumfanya hata awe seremala. Nilikuwa na hesabu hiyo safi kichwani nilipokwenda uani kumsaidia Mama Athanase kumenya ndizi. Amekuwa mdogo sana sasa, anakalia kiti cha jikoni na miguu haifiki chini. Tulimenya mpaka sufuria ikafika nusu. Kisha akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo: "Ile siku ya kigari alirudi ku nyumba, hakukula. Nikamuuliza, Athanase, mumeshinda, sasa unakosa nini? Akasema: 'Yule mutoto Kavira anabishanaka hata na muuza chumvi. Leo nimemupatia bei ya kwanza, akaitika.'" Kisu changu kikasimama. "Maman, bei ya pili ilikuwa nini?" "Yote mbili, mutoto wangu, jina na etabli. Alitaka tu umukatalie mara moja, apate nguvu ya kwenda kusema kwa Patron. Alikungojea pale. Weye unamuambia wasingya."

Akachukua ndizi nyingine. Kutoka uani tulisikia watu wakiwasogezea viti wageni waliofika kutoka Mutwanga. "Toka basi, useme ile shasi ni yako," akaniambia. "Mwenye ulimupatia ile neno, tumemuzika jana." Nilifikiri juu yake, nilifikiri mara mbili. Mwaka ule nilibishana na jirani juu ya matofali, na Patron juu ya ubao, na Gervais juu ya msumari mmoja. Na mbele ya kitu pekee nilichokitaka kwa moyo wote nilifanya kama mgeni aliyeshuka gari jana. "Hapana, maman," nikamwambia. "Mtu akirudi sokoni baada ya miaka yote hii kuniambia alikosea bei, hata mimi nitamfukuza."